Viunzi na Kijiti: Funzo la Akii-Bua

Watu wengi wasikiapo neno utamaduni, mawazo yao huenda moja kwa moja kwenye ngoma, vinyago, mavazi na hadithi za wazee. Sisi tuishio Mtwara tuna sababu njema ya kuwaza hivyo, maana huku ndiko kwenye sindimba, na huku ndiko mpingo unakogeuka watu chini ya patasi ya Mmakonde. Lakini tarehe 10 Desemba, 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliuhesabu utamaduni kuwa ndio roho ya taifa. Na roho haikai katika kiungo kimoja tu cha mwili. Imo katika ngoma, na imo vilevile katika namna taifa linavyokimbia, linavyoshinda, linavyoshindwa, na linavyowatendea wale waliokimbia kwa niaba yake. Jambo hili la mwisho ndilo tunalotaka kulizungumza hapa.

Katika shule za mwambao huu, tokea Mikindani hadi Msimbati na vijiji vya mlangoni mwa Ruvuma, mbio zipendwazo kuliko zote ni za kupokezana vijiti. Siku ya michezo, mbio hizo huwekwa mwisho, kwa sababu baada yake hakuna atakayebaki kutazama kitu kingine. Mbio za kuruka viunzi hazina bahati hiyo. Viunzi vya kiwandani ni ghali, kwa hiyo sisi walimu hufunga mianzi juu ya vigingi, na uwanja wenyewe aghalabu ni mchanga mtupu. Ajabu ni kwamba watoto wa pwani hii huruka tangu utotoni pasipo kufundishwa na mtu. Maji yakupwapo, utawaona wakikimbizana na kuruka mizizi ya mikoko na kamba za nanga za mashua. Lakini waweke mbele ya mwanzi uliofungwa sawasawa, uwaambie kwamba baada ya huo upo mwingine na mwingine, nao husita. Kila mmoja ana mguu wake mmoja wa kutangulia, na hatua zikimpeleka kwenye mguu ule mwingine, husimama kabisa akakitazama kiunzi kama mtu aliyefika mtoni akakuta mtumbwi umekwisha ng'oa.

Hapo ndipo tunapowasimulia habari za John Akii-Bua wa Uganda.

Kwanza yafaa kueleza mbio zenyewe. Mkimbiaji wa kiume wa mita 400 za viunzi huzunguka uwanja mara moja na kuruka viunzi 10, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimeta 91.4. Tokea mwanzo hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45. Kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35. Na toka kiunzi cha mwisho hadi utepe ni mita 40. Vipimo hivi ni vilevile Mtwara, Kampala na London. Kwa hiyo mkimbiaji hujua tangu mwanzo kila kizuizi kiko wapi na kina kimo gani. Kazi yake ni kuzihesabu hatua zake. Anapochoka, hatua hufupika na idadi yake huongezeka. Na ikiwa hawezi kuruka ila kwa mguu mmoja, hana budi kuongeza hatua 2 kwa mpigo ili mguu ule ule uje mbele, na hapo hupoteza mwendo.

Akii-Bua aliweza kuruka kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto. Alizaliwa tarehe 3 Desemba, 1949, katika nchi ya Walango, kaskazini ya Uganda, katika jamaa kubwa yenye wake wengi na watoto wengi zaidi. Aliingia katika jeshi la polisi, na huko Kampala akakutana na mwalimu wa riadha Mwingereza, Malcolm Arnold. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alishika nafasi ya 4. Mtu mwingine angeridhika, au angekata tamaa. Yeye alirudi nyumbani akajitia katika mazoezi ambayo hata leo tukiyasimulia darasani wanafunzi hucheka kwa kutosadiki: alivaa fulana iliyotiwa uzito, akapanda vilima, akaruka viunzi vilivyoinuliwa kupita kimo cha kawaida. Wahenga wamesema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye alichokitaka kilikuwa juu, akajizoeza kuruka juu zaidi ya kile alichotakiwa.

Tarehe 2 Septemba, 1972 ilikuwa siku ya fainali katika Michezo ya Olimpiki mjini Munich, katika Ujerumani ya Magharibi ya wakati ule. Akii-Bua alipangiwa njia ya 1, iliyo ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali na ambayo warukaji viunzi huichukia. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwamo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, na Ralph Mann wa Marekani. Akii-Bua aliwapita wote, akamaliza kwa sekunde 47.82. Hakuna mwanadamu aliyewahi kukimbia mbio zile chini ya sekunde 48 kabla yake. Mann alipata 48.51 na Hemery 48.52. Mshindi hakuanguka chini kwa uchovu. Aliendelea kukimbia, akauzunguka uwanja huku akiwapungia watazamaji na kuviruka viunzi vilivyosalia, kama kwamba 10 vile havikumtosha. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Uganda.

Siku 8 baadaye, tarehe 10 Septemba, katika uwanja ule ule, Wakenya wanne, Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang, walishinda mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara 4. Ni kweli kwamba Marekani haikuweza kuweka timu katika mbio hizo. Lakini mshindi huwashinda waliokuja, na walikuja wengi. Kwa hiyo katika muda wa siku chache Afrika ya Mashariki ilishinda katika viunzi na katika vijiti. Tangu hapo sisi hatuwezi kuzitaja mbio za aina moja bila kuikumbuka nyingine, na hata maisha ya Akii-Bua yaliyofuata twayaelewa vizuri zaidi tukiyatazama kwa macho hayo mawili.

Alirudi nyumbani shujaa. Serikali ya Idi Amin ilimpandisha cheo katika polisi, ikamtunza nyumba, na barabara moja mjini Kampala ikaitwa kwa jina lake. Lakini serikali hiyo hiyo, tangu iliposhika madaraka kwa nguvu mwaka 1971, ilikuwa ikiwaua Walango na Waacholi wengi. Akii-Bua alikuwa Mlango. Mkono uliomvika shada ndio ule ule uliokuwa ukiwamaliza watu wa kwao, naye alitakiwa kutabasamu mbele ya wapiga picha. Mwaka 1973 alishinda tena, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos. Watu wote wakaingoja Montreal, Olimpiki ya mwaka 1976.

Habari ya Montreal huonekana kwa namna ya pekee ukiwa umesimama ukingoni mwa Ruvuma. Tangu tarehe 25 Septemba, 1964, FRELIMO ilipoanza vita vya kuikomboa Msumbiji, mto huu ulikuwa mpaka wa nchi huru na nchi iliyotawaliwa. Wakimbizi walivuka kwa mitumbwi, na watu wa upande huu waliwapokea, maana wengi walikuwa ndugu zao kwa lugha na kwa damu. Vita vilikwisha kwa mapatano ya Lusaka ya Septemba 1974, na Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni, 1975. Basi mwaka mmoja tu baadaye, timu ya raga ya New Zealand ilipokwenda kucheza katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, wakati ule ule damu ya watoto wa Soweto ikiwa haijakauka, hapakuwa na haja ya kumweleza mtu wa kusini ya Tanzania kwa nini nchi yake ilikataa kwenda Montreal maadamu New Zealand imekaribishwa. Nchi za Afrika zaidi ya 20 zilijitoa. Uganda nayo ilijitoa.

Uamuzi ule ulikuwa wa haki, nasi hatuutilii shaka. Lakini haki ina bei yake, na yafaa tujue nani aliilipa. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 mjini Christchurch, huko huko New Zealand, tarehe 2 Februari, 1974, hakukimbia Montreal. John Walker, ambaye Bayi alimshinda siku ile, akaichukua dhahabu. Akii-Bua naye hakukimbia; kijana Mmarekani, Edwin Moses, akashinda na kuivunja rekodi ya Munich. Hakuna ajuaye kama Akii-Bua angemweza Moses. Tujualo ni kwamba miguu ya mkimbiaji haiwekwi akiba. Waziri aweza kungoja miaka 4, na mwandishi wa makala aweza kungoja miaka 40, lakini mrukaji viunzi hana muda huo.

Ndipo ukaja mwaka 1979. Majeshi ya Amin yalikuwa yameivamia Kagera mwaka uliotangulia, na vijana wa Tanzania kutoka kila mkoa, wa kusini wakiwamo, walikwenda kuyafukuza. Tarehe 11 Aprili, 1979, majeshi yetu pamoja na wapiganaji wa Uganda yaliingia Kampala. Tuliimba na kushangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini katika watu waliokimbia siku zile alikuwamo Akii-Bua na jamaa yake. Yeye, ambaye utawala wa Amin uliwaua watu wa kabila lake, alihofia sasa kuhesabiwa mtu wa Amin kwa sababu ya cheo na nyumba aliyopewa. Alivuka mpaka kuingia Kenya, na bingwa wa Olimpiki akakaa katika kambi ya wakimbizi. Waliomtoa hapo ni kampuni ya viatu ya Puma ya Ujerumani, ambayo viatu vyake alikuwa akivivaa. Ikampeleka Ujerumani na kumpa kazi. Mwaka 1980 aliikimbilia tena Uganda katika Olimpiki ya Moscow, lakini hakufika fainali. Mwaka 1983 alirudi kwao, akaendelea na kazi ya polisi. Alifariki dunia mjini Kampala tarehe 20 Juni, 1997, akiwa na umri wa miaka 47, akazikwa kwa heshima za kitaifa.

Tukifika hapa, darasa huwa kimya, na mwanafunzi mmoja hakosi kuuliza: kosa lake lilikuwa nini? Sisi hujibu kwamba katika habari hii yote hakuna mahali ambapo miguu yake ilikosea. Viunzi 10 vya Munich vilikuwa na kimo kilichojulikana, na vyote alivivuka. Vilivyofuata havikupimwa na mtu, wala havikuwekwa na waamuzi: dikteta, mgomo wa haki, vita vya haki, na ukimbizi. Hakuna mkimbiaji awezaye kuvivuka hivyo peke yake. Kwa viunzi vya namna hiyo zinatakiwa mbio za aina nyingine, nazo ni zile za kupokezana.

Mtazame mpokea kijiti mwema. Hangoji aliyechoka afike mpaka alipo. Huanza kukimbia kabla hajakipata, mkono wake ukiwa nyuma, ili mwendo usikatike. Katika mbio za mita 400 mara 4 ana nafasi ya mita 20 tu ya kukipokea. Kijiti kikianguka, sheria haiulizi nani aliyepiga makofi wala nani aliyesikitika. Yatazama tu kama kijiti kilifika. Hivi ndivyo tunavyotaka kulipima taifa lolote. Ushindi wa mtu ni kijiti anachokileta mbio, akitweta. Je, kuna mtu aliyekwisha kuanza kukimbia ili akipokee?

Munich ilikuwa na mpokeaji mmoja aliyekuwa tayari, naye hakuwa Mwafrika. Malcolm Arnold aliichukua elimu aliyoipata pamoja na Akii-Bua, akaenda nayo Uingereza, na miaka 21 baada ya Munich mwanafunzi wake kutoka Wales, Colin Jackson, akaweka rekodi ya dunia ya mita 110 za viunzi. Hatumlaumu; yeye alifanya ipasavyo mwalimu. Lakini Uganda ilingoja miaka 40 kamili kupata dhahabu ya pili ya Olimpiki, mpaka Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni ya London mwaka 2012. Na mwaka 2021, mjini Tokyo, Peruth Chemutai akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kuwa bingwa wa Olimpiki, katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Kijiti kilifika, lakini njiani kililala muda mrefu mchangani.

Na upande wa Kenya, mwaka 2015 mjini Beijing, Nicholas Bett, mrukaji viunzi ambaye pia alikuwa mkimbiaji wa kupokezana vijiti, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 400 za viunzi kwa sekunde 47.79. Akii-Bua alishinda katika njia ya 1, ya ndani kabisa. Bett alishinda katika njia ya 9, ya nje kabisa. Kati ya muda wa yule na wa huyu kuna tofauti ya sehemu 3 katika 100 za sekunde, na miaka 43. Bett naye hakudumu: alifariki katika ajali ya barabarani nchini Kenya tarehe 8 Agosti, 2018. Twaona basi kwamba wakimbiaji hupita upesi, wengine kwa uzee na wengine kwa msiba, na ya kwamba kuchelewa kuwapokea ni sawa na kutowapokea.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba nchi maskini haina fedha za kuwatunza wanariadha wakati hospitali na mashule yana shida. Hoja hiyo ina uzito. Lakini sisi hatuzungumzii majumba na magari. Akii-Bua alipewa nyumba, na haikumfaa kitu. Tunazungumzia kazi ya kupokea: kuandika habari zao, kuwaweka mbele ya watoto wafundishe, na kuwapa nafasi ya kuuacha ujuzi wao katika nchi. Filbert Bayi, aliyeikosa Montreal kisha akapata medali ya fedha ya viunzi na maji huko Moscow mwaka 1980, alikuja kuanzisha shule katika mkoa wa Pwani na kuutumikia uongozi wa Olimpiki nchini kwa miaka mingi. Huo ni mfano wa mkimbiaji aliyekikabidhi kijiti mwenyewe. Yafaa taifa nalo liwe na mkono ulionyooshwa.

Mtwara haiko mbali na mambo haya kama ramani inavyodhani. Mwaka 2019, na tena mwaka 2021, michezo ya taifa ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, ilifanyika hapa, na tarehe 1 Aprili, 2023, Mwenge wa Uhuru ulianzia mbio zake mkoani humu. Mwenge wenyewe ni mbio za kupokezana: tangu ulipowashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa uhuru mwaka 1961, umepita katika mikono mingi, na hakuna mkono mmoja uliothubutu kusema ni wangu. Na mafundi wetu wa Kimakonde walikwisha kulichonga wazo hili zamani katika kile kinyago kiitwacho ujamaa: gogo moja la mpingo, na watu wengi, kila mmoja akiwa amembeba mwenzake. Ukimwondoa wa chini, wa juu hana pa kusimama.

Kwa hiyo, enyi walimu wenzetu, fungeni mianzi yenu juu ya vigingi, hata kama uwanja ni mchanga. Wafundisheni watoto kuruka kwa miguu yote miwili, kwa maana hawajui ni mguu upi utakaokuwa mbele kizuizi kitakapofika. Wafundisheni kuzihesabu hatua. Lakini msiwaache wakafikiri kwamba hayo yatosha. Na ninyi wanafunzi, ambao wengi wenu hamtakuwa mabingwa, jueni kwamba kazi ya kupokea ni yenu. Mtakuwa maofisa wa michezo, waandishi, wabunge, askari wa mpakani, na jirani wa mtu ambaye zamani alikimbia. Siku atakapokuja akitweta, na kijiti mkononi, asiwakute mmesimama.